Zana za akili mnemba katika maktaba za vyuo vikuu: tupime utafutaji kabla ya kusifu majibu

Mleta mada

Wakutubi wenzangu, wahadhiri na watafiti mliomo humu, salaam.

Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, maktaba za vyuo vikuu zimekuwa zikiletewa zana za utafiti zenye akili mnemba moja baada ya nyingine. Mchapishaji Elsevier amejenga Scopus AI juu ya Scopus, kanzidata yake ya machapisho ya kitaaluma. Kampuni ya Clarivate imeweka msaidizi wa utafiti ndani ya kanzidata yake ya Web of Science na mwingine ndani ya Primo, mfumo ambao maktaba nyingi huutumia kama lango la kutafutia machapisho. Kando ya hizo zipo Elicit, Consensus na scite, ambazo mtafiti hujisajili mwenyewe bila kupita mezani kwa mkutubi. Swali linalotawala vikao vyetu ni kama tununue au tusinunue. Kwa maoni yangu swali hilo linakuja mapema mno, kwa sababu wengi wetu hatujakubaliana kwanza ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Kila moja ya zana hizi hufanya kazi mbili zilizofungwa pamoja: kwanza hutafuta machapisho, kisha huandika muhtasari wa ilichokipata. Muuzaji anapokuja kuonyesha bidhaa yake hutuonyesha kazi ya pili, kwa kuwa ndiyo inayopendeza macho: aya fasaha, yenye namba za marejeo, iliyotoka ndani ya muda mfupi. Kazi ya kwanza hupitwa haraka. Lakini aya ile haiwezi kuwa bora kuliko machapisho yaliyookotwa kabla yake, na kuokota machapisho ndiyo taaluma yetu. Hoja yangu ni kwamba zana hizi tuzipime kama tulivyozoea kupima faharasa na kanzidata, yaani kwa kuuliza zinatafuta wapi, kwa njia gani, na zinaacha nini. Ufasaha wa majibu uwe jambo la mwisho kuangaliwa.

Chukueni mfano wa msaidizi wa utafiti wa Primo. Mtumiaji huandika swali kwa lugha ya kawaida. Modeli ya lugha, yaani akili mnemba inayotunga maandishi, hulibadilisha swali hilo kuwa mfululizo wa maneno ya utafutaji. Maneno hayo hupelekwa kwenye faharasa kuu ya mfumo. Matokeo machache ya juu hupangwa upya kwa kulinganisha maana yake na swali. Kisha ikisiri (muhtasari mfupi unaotangulia makala) za machapisho matano yaliyoongoza ndizo zinazotumika kuandika jibu. Tafakarini hatua ya mwisho. Katika mada yenye makala elfu kadhaa, jibu linasimama juu ya ikisiri tano, na mwanafunzi asiyebonyeza kiungo cha kuona matokeo zaidi anaondoka akiamini kwamba amesoma hali ya mada nzima.

Isitoshe, ikisiri si makala. Ikisiri ndipo mwandishi anapoyasema matokeo yake kwa sauti ya juu kabisa, wakati udhaifu wa sampuli, masharti ya jaribio na mashaka ya watafiti wenyewe hukaa katika kurasa za ndani. Zana inayosoma ikisiri peke yake hurithi matumaini ya waandishi bila tahadhari zao. Huko si kuharibika kwa zana, kwani ndivyo ilivyojengwa, na mtumiaji ana haki ya kuambiwa hivyo.

Kuhusu marejeo ya kubuni, ambayo ndiyo hofu ya kwanza ya kila mhadhiri, tuwe waadilifu. Roboti za mazungumzo za jumla zimewaumbua watu kweli: mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca mjini New York, mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani hukumu ambazo hazijawahi kutolewa, zilizotungwa na ChatGPT. Wala kuilisha modeli machapisho ya kisayansi peke yake hakuponyi maradhi haya. Galactica ya kampuni ya Meta ilifunzwa kwa mamilioni ya makala za kitaaluma, na Novemba 2022 onyesho lake la umma lilifungwa baada ya siku tatu tu kwa sababu ilikuwa ikitunga mambo kwa lugha ya kisomi. Kinachopunguza tatizo ni kuilazimisha modeli itafute kwanza ndipo iandike, na hivyo ndivyo zana tunazouziwa zinavyofanya. Zikinukuu makala, kwa kawaida makala hiyo ipo.

Kosa linalobaki ni la aina nyingine, na mimi naliona gumu zaidi kuligundua: makala ipo, mwandishi yupo, jarida lipo, ila makala haisemi kile ambacho sentensi inadai. Marejeo ya kubuni hufichuka mara mtu anapoyatafuta. Marejeo ya kweli yaliyobebeshwa dai lisilo lake hayafichuki mpaka mtu aisome makala, na zana imenunuliwa ili mtu asisome makala nyingi.

Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, mkutubi wa kila fani aandae maswali ambayo majibu yake anayajua, na machapisho ambayo lazima yatokee. Kati ya hayo yawemo maswali ya mtego. Ulizeni kuhusu chanjo ya surua na usonji, kisha mtazame kama makala ya Wakefield iliyohusisha mambo hayo mawili, iliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1998 na kubatilishwa mwaka 2010 inaletwa bila onyo. Muuzaji hana kisingizio hapa, kwa sababu tangu mwaka 2023 hifadhidata ya Retraction Watch ya machapisho yaliyobatilishwa iko chini ya Crossref, shirika linalosajili machapisho ya kitaaluma, na iko wazi kwa wote. Ulizeni swali lililojengwa juu ya jambo la uongo, muone kama zana itawasahihisha au itawakubalia kwa heshima zote. Ulizeni kuhusu mauaji ya halaiki na mada nyingine nzito za historia, kwa kuwa baadhi ya zana hutumia modeli zenye vichujio vya maudhui, na vichujio hivyo vimewahi kuzuia maswali halali kabisa ya watafiti huku mtumiaji akiambiwa tu kwamba hakuna kilichopatikana. Hilo la mwisho lingetosha kunifanya nisitishe mazungumzo, maana maktaba inayomwambia msomaji kwamba hakuna maandishi wakati yapo imevunja kazi yake ya msingi.

Na ulizeni tarehe. Scopus AI ilianza kwa kutumia machapisho ya kuanzia mwaka 2013, ndipo baadaye ikarudishwa nyuma hadi 2003, ilhali Scopus yenyewe ina kumbukumbu za zamani zaidi ya hapo. Mtafiti wa fizikia huenda asijali. Mtafiti wa historia au falsafa atakuwa amepewa maktaba iliyokatwa mguu.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo ya kina, na sehemu kubwa naiunga mkono. Hata hivyo nahisi unazungumza kana kwamba wanafunzi wetu wamesimama mlangoni wakisubiri uamuzi wa kamati. Hawasubiri. Wakati sisi tunaandaa maswali ya mtego, wao wanatumia roboti ya bure ambayo mara nyingi hujibu bila kutafuta kwanza, na ambayo kwa maelezo yako mwenyewe ni hatari zaidi. Zana ya maktaba yenye kasoro, lakini inayomfikisha mwanafunzi kwenye makala halisi, si afadhali kuliko kumwacha huko?

Pia umeipunja kazi ya utafutaji wa maana, yaani ule unaolinganisha maana ya swali badala ya maneno yake. Mfumo wa kawaida humtaka mtu ajue istilahi za fani kabla hajaijua fani yenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, au mtafiti anayevuka kutoka uchumi kwenda afya ya jamii, hana maneno hayo. Anapoandika swali lake kwa maneno ya mtaani na mfumo ukamletea makala zinazotumia istilahi rasmi, amepewa ufunguo ambao zamani aliupata tu kwa kuketi na mkutubi. Wengi hawaji kuketi nasi. Wengine wanaona haya, wengine wanasoma usiku maktaba ikiwa imefungwa. Na kwa anayesomea kwa lugha yake ya pili au ya tatu, kuweza kuuliza kwa lugha aliyoizoea ni nafuu kubwa.

Mleta mada

Mkuu, hoja ya utafutaji wa maana naipokea yote, na ninakubali kwamba niliipita haraka. Ningeongeza tu kwamba nafuu hiyo haihitaji ile aya fasaha: zana inaweza kutafuta kwa maana na kurudisha orodha ya machapisho peke yake. Kuhusu lugha, naomba tutofautishe kuuliza na kupata. Zana nyingi zinaelewa swali lililoulizwa kwa Kiswahili, lakini zinamotafuta ni faharasa zilizojaa machapisho ya Kiingereza. Mtafiti anayeuliza kuhusu fasihi au isimu ya lugha isiyo ya Kiingereza ataletewa kile kilichoandikwa kuihusu kwa Kiingereza, na tasnifu zilizolala katika hifadhi za vyuo, zilizoandikwa kwa lugha yenyewe, zitabaki nje. Hapo maktaba ina kazi ya kufanya ambayo haihitaji kumlipa mtu yeyote: kuhakikisha kumbukumbu za hifadhi yake zina ikisiri, maneno muhimu na lugha ya chapisho, ili wanaovuna data wazipate.

Kwamba wanafunzi wanatumia roboti za bure tayari, hilo ni kweli, ila kwangu ni sababu ya kufundisha kabla ya kuwa sababu ya kununua. Anayetaka mahali pa kuanzia pasipo mkataba anaweza kutumia Semantic Scholar ya Allen Institute for AI, au OpenAlex, ambazo ni hazina za bure za taarifa za machapisho. Hii ya pili ina kisa cha kuzingatiwa. Microsoft ilikuwa na hazina kubwa ya data za machapisho, Microsoft Academic Graph, na miradi mingi ikajengwa juu yake. Kampuni ikaifunga mwishoni mwa 2021. OpenAlex ilianza Januari 2022 kuziba pengo hilo, na data zake zimeachiliwa kwa matumizi huru, kwa hiyo hata waendeshaji wake wakichoka, mwingine anaweza kuziendeleza. Kabla ya kuifanya zana yoyote kuwa nguzo ya mafunzo yetu, tuulize itakuwaje mwenye nayo akiamua kuifunga.

Mchangiaji wa tatu

Nachangia kama mkutubi ninayehudumia watafiti wa afya, na nitajikita kwenye mapitio ya kimfumo, yaani tafiti zinazokusanya na kuchambua machapisho yote ya mada kwa utaratibu uliowekwa, maana huko ndiko mkanganyiko ulikozidi.

PRISMA, mwongozo wa kuripoti mapitio hayo, katika toleo lake la mwaka 2020 unamtaka mtafiti aeleze mkakati kamili wa utafutaji kwa kila kanzidata aliyoitumia, pamoja na vichujio na mipaka aliyoweka, ili mtu mwingine aweze kuurudia. Ukiandika mkakati wako kwa viunganishi vya utafutaji AND, OR na NOT katika PubMed, kanzidata ya makala za afya, leo, na mwenzako akauendesha kesho, tofauti itatokana na makala mpya zilizoongezwa. Ukiiuliza zana yenye modeli ya lugha swali lile lile mara mbili mfululizo, unaweza kupata machapisho tofauti bila chochote kuongezwa. Mtafiti anayeandika katika sehemu ya mbinu kwamba alitafuta kwa Elicit au Scopus AI, na akaishia hapo, hajaeleza mbinu inayoweza kurudiwa.

Hiyo haina maana kwamba tuzifukuze. Ninawaelekeza watafiti wazitumie mwanzoni, kupata makala chache za mbegu, yaani za kuanzia, na kugundua visawe ambavyo hawakuvifikiria, kisha tuketi pamoja kujenga mkakati wa kawaida. Na tukumbuke kwamba akili mnemba katika kazi hii haikuanza 2022. Rayyan, na ASReview iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Utrecht ikiwa na msimbo huria, zimekuwa zikisaidia kuchambua maelfu ya ikisiri kwa kujifunza kutokana na maamuzi ya mchambuzi na kuyapandisha juu machapisho yanayoelekea kufaa. Ninazipenda zaidi, kwa kuwa zinapanga foleni na binadamu ndiye anayeamua. Shida yake moja ni kujua wakati wa kusimama: umesoma ikisiri nyingi mfululizo zisizofaa, je, zilizobaki zote hazifai? Kanuni ya kusimama iandikwe kabla kazi haijaanza, isije ikaamuliwa na uchovu.

Mchangiaji wa nne

Salaam wote. Mimi nashughulikia mikataba, na nasikitika kwamba huwa tunaitwa mwishoni, zana ikiwa imeshapendwa na kila mtu.

Jambo la kwanza ni maswali ya watumiaji. Kwa miaka mingi taaluma yetu imelinda siri ya alichokisoma msomaji. Sasa hebu tazameni tofauti: aliyekuwa akiandika maneno mawili matatu kwenye kisanduku cha utafutaji sasa anaandika sentensi nzima, mara nyingi ikiwa na dhana ya utafiti ambao bado haujachapishwa. Swali la namna hiyo ni mali ya kitaaluma. Mkataba useme wazi kama maswali yanahifadhiwa, kwa muda gani, yako kwenye seva za nani, na kwamba hayatatumika kufunza modeli ya muuzaji wala ya kampuni ya tatu ambayo muuzaji amekodi modeli kwake. Hii kampuni ya tatu ndiyo husahaulika. Jina la mchapishaji tunayemwamini liko mlangoni, lakini swali linasafiri hadi kwa mwenye modeli.

La pili ni kupakia faili. Watafiti hupenda kupakia PDF za makala kwenye zana na kuziuliza maswali. Makala hizo tumezipata kwa leseni, na leseni nyingi mpya zina vifungu vinavyokataza kuziingiza kwenye zana za akili mnemba. Vingine vimeandikwa kwa upana kiasi kwamba vinakataza hata uchimbaji wa matini, yaani kuchambua maandishi mengi kwa kompyuta, ambao sheria inauruhusu. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, Agizo la 2019/790 linaruhusu taasisi za utafiti kuchimba matini na data kwa utafiti wa kisayansi, na kifungu cha mkataba kinachopinga ruhusa hiyo hakina nguvu. Uingereza nayo ina msamaha unaofanana kwa utafiti usio wa kibiashara tangu 2014. Pasipo sheria ya namna hiyo, mkataba ndio kila kitu, kwa hiyo usisaini kifungu ambacho huwezi kumwambia mtafiti akitii. Mwaka 2024 muungano wa kimataifa wa ushirika wa maktaba, ICOLC, ulitoa tamko kuhusu vifungu hivi, nao ni mahali pazuri pa kuanzia majadiliano na muuzaji.

Ladha ya shubiri inakuja pale unapokumbuka kwamba mwaka huo huo Informa, kampuni mama ya Taylor & Francis, ilitangaza makubaliano na Microsoft yenye malipo ya awali ya zaidi ya dola milioni 10 kwa ajili ya kupata maudhui yake. Sisemi ni haramu. Nasema mchapishaji anayeuza maudhui kwa wenye modeli hana hoja ya kimaadili ya kumkataza mwanafunzi kuiuliza maswali sura moja ya kitabu, na hilo lisemwe mezani wakati wa majadiliano ya bei.

La tatu ni fupi: maktaba iweze kuizima zana wakati wowote bila kupoteza kanzidata iliyo chini yake.

Mchangiaji wa tano

Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu. Nimeelewa mengi, ila nina swali moja. Nikitumia zana hizi kupata makala, ninukuu zana au makala? Msimamizi wangu anasema nisitaje chochote, wenzangu wanasema nitaje kila kitu.

Mleta mada

Marahaba. Swali lako ni zuri kuliko mengi ya vikaoni. Makala uliyoisoma mwenyewe ndiyo unayoinukuu. Ikiwa hukuisoma na unachojua ni muhtasari wa zana, hiyo bado hujaipata, basi usiinukuu. Matumizi ya zana yanaelezwa katika sehemu ya mbinu au mahali ambapo jarida limeelekeza: jina la zana, toleo likijulikana, tarehe, na ulichoitumia kufanya. Zana haiwi mwandishi mwenza kwa namna yoyote. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, ilitoa msimamo huo Februari 2023, kwa sababu mwandishi ni lazima aweze kuwajibika kwa kazi yake na zana haiwezi. Msimamizi wako muulize kwa upole kama amesoma masharti ya jarida mnalolilenga, kwani majarida mengi sasa yanadai tamko, na kukaa kimya kunaweza kuirudisha kazi yenu.

Nikirudi kwa waliotangulia, sasa naona utaratibu ambao ningeupeleka kwenye kamati. Zana moja ichaguliwe, isiwe tatu kwa mpigo, na ifunguliwe kwa muhula mmoja baada ya maswali ya mtego kufanyiwa kazi na matokeo yake kuandikwa mahali ambapo wahadhiri wanaweza kuyasoma. Vifungu vya mchangiaji wa nne viwe vimekubaliwa kabla ya kufunguliwa, hata kama ni kipindi cha majaribio ya bure, kwa sababu maswali ya watafiti huanza kusafiri siku ya kwanza. Mafunzo yaeleze waziwazi kwamba jibu linatokana na ikisiri chache, na kila mwanafunzi afanyishwe zoezi la kuchukua sentensi moja ya jibu, kuifungua makala iliyonukuliwa, na kutafuta ni wapi jambo hilo limesemwa. Baadhi yao hawatalikuta.

Na kuna jambo la mpangilio wa ukurasa ambalo wauzaji hulisukuma kimyakimya. Wanapenda kisanduku cha swali kiwe juu katikati, na utafutaji wa kina uhamie kwenye menyu ya pembeni. Hapo mimi sikubali. Visanduku vyote viwili vikae kwenye ukurasa wa kwanza, na chini ya kile cha zana paandikwe inatafuta katika machapisho gani, ya kuanzia mwaka gani, na inasoma ikisiri au makala nzima. Muuzaji akishindwa kutupatia maelezo ya kuandika hapo, kisanduku chake kisiwekwe.